Janti na tairi kwa barabara za Kivu: kipimo kwanza, meno baadaye

Anayenunua tairi hapa Goma huanza kwa kutazama meno. Meno makubwa, tairi pana, janti (rimu) inayong'aa, basi anaona gari limekuwa la porini. Sisi tunaoshinda chini ya magari haya tunaanza na namba zilizoandikwa ubavuni, kisha tunauliza gari linakwenda wapi na linabeba nini. Meno tunayatazama mwisho. Ukikosea meno, yataisha na utanunua mengine. Ukikosea kipimo, utakula beringi, utakula difu (gia za katikati ya ekseli), na siku moja utakwama Nyabibwe na gurudumu ambalo hakuna anayeuza mwenziwe kabla ya Bukavu.

Chukua Prado. Ubavuni imeandikwa 265/65R17 112S. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. 17 ni kipenyo cha janti kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kimo cha gurudumu zima ni ubavu wa juu, janti, na ubavu wa chini: 172 na 432 na 172, unapata milimita 776. Ifanye hesabu hiyo kwenye simu kabla hujauliza bei, maana ukifika Birere muuzaji ataimaliza kwa maneno manne: "Papa, hii inaingia tu." Kuingia itaingia. Mambo yanaanza ikishaingia.

Kwa hesabu hiyohiyo, 265/70R16 ina kimo cha 777, 245/75R16 ina 774, na 265/60R18 ina 775. Kwa kimo hizi zote ni ndugu, ndilo kundi la kwanza, spidomita haitaona tofauti. Tofauti iko ubavuni. Ile 265 ya janti 16 ina ubavu wa milimita 185. Ile ya janti 18 ina 159. Kwenye lami ya Kigali milimita hizo 26 hazina kazi. Kwenye mawe ya volkano ndizo zinazotenganisha ukingo wa janti na jiwe.

Mawe yetu hayafanani na kokoto ya mto. Lava ya Nyiragongo, iliyoshuka mjini Januari 2002 na ile ya Mei 2021 iliyokata barabara ya Rutshuru upande wa Kibati, ikishapoa na kuvunjwa hubaki na ncha na kingo kali. Haitoboi kama msumari. Inakata. Ukimpelekea kwado, fundi wa kuziba tairi, tairi iliyokatwa na lava utaona mkato safi kama wa wembe, mara nyingi kwenye bega la tairi au ubavuni, pale ambapo hakuna nyaya za chuma. Kidonda cha katikati ya meno kinazibika kwa utambi wa mpira bila hata kufungua gurudumu. Mkato wa ubavu hauzibiki. Unaweza kuutilia kiraka na mpira wa ndani ili ufike nyumbani polepole, basi.

Kwa hiyo kwa gari linalolala Goma na kuzunguka Goma, tunataka janti ndogo kadiri breki zinavyoruhusu, na ubavu mrefu wenye nyuzi nyingi. Tafuta maandishi LT au C, alama za tairi za magari ya mzigo, na PR, yaani daraja la nguvu ya nyuzi, 8 au 10. Karibu na neno "sidewall", yaani ubavu, pameandikwa idadi ya tabaka: tairi nyingi zina 2, na zikiwa 3 ni bora zaidi kwa lava. Tairi ya gari dogo la familia, hata iwe pana namna gani, ina ubavu laini, na lava haijali upana.

Kabla ya kushusha janti, angalia breki. Funga janti tupu bila tairi, izungushe kwa mkono, na uhakikishe nafasi kati yake na kalipa haipungui milimita 3 mahali popote, pamoja na pale zinapobandikwa risasi za kusawazisha. Land Cruiser 200 ina breki kubwa mbele. Usiitafutie janti ya 16, itakupotezea siku.

Sasa kimo. Kundi la pili la vipimo ni haya: 265/70R17 yenye 803, 265/75R16 yenye 804, 235/85R16 yenye 806, na ile ya zamani 7.50R16 inayokaa karibu na 805. Kundi la tatu ni 285/75R16, ambayo ni 834, na zile za inchi 33. Ukitoka 776 kwenda 803 unapata milimita 27, lakini difu inapanda nusu yake tu, 13 na kidogo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Watu hupuuza milimita 13. Kwenye mifereji ya malori kati ya Sake na Masisi, au njia ya Hombo kuelekea Walikale, difu inayoburuta matope na difu inayopita juu yake mara nyingi zinatengana kwa kiasi hichohicho. Na ikumbukwe: springi ndefu hazipandishi difu hata kidogo kwenye gari lenye ekseli nzima. Zinapandisha bodi. Difu inapandishwa na tairi peke yake.

Lakini kila milimita ya kimo inalipiwa na injini. Prado iliyotoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 imeongeza asilimia 3.4. Spidomita ikisema 80, gari linakwenda karibu 83. Kilomita 1,000 za kwenye saa ni 1,034 barabarani, ndiyo maana wengine wanalalamika kwamba tairi mpya zinakunywa mazuti (dizeli) mengi kuliko zinavyokunywa kweli. Asilimia 3 hadi 4 gari linavumilia. Ukiipeleka Land Cruiser iliyokuwa na 265/70R16 hadi 285/75R16, umeongeza asilimia 7.3, na hapo injini inasikia.

Inasikia zaidi huku kwetu. Injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo iliyojaa kwenye Hardtop na pikapu za misheni na mashirika, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500, na milima ya Masisi inapita 2,000. Yaani kabla hujagusa tairi, umekwishapoteza asilimia 15 au 20. Ukiongeza gurudumu la kimo kikubwa unamwambia dereva apande kwa gia ya pili pale alipozoea ya tatu, klachi iungue kwenye kuanzia mlimani, na moshi uwe mweusi. Prado ya D-4D yenye turbo inastahimili zaidi, lakini nayo ina mpaka.

Upande wa kuteremka ndio unaosahaulika kabisa. Gurudumu refu linapunguza nguvu ya injini ya kuzuia gari kwa asilimia ileile. Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, inateremkwa kwa gia ya pili huku injini ikishikilia. Ukiwa na tairi ndefu kwa asilimia 7 gari linakimbia zaidi kwa mzunguko uleule, mguu unarudi kwenye breki mara nyingi, na breki zinapata moto. Tairi zenyewe pia ni nzito. Ya LT yenye PR 10 inaweza kuizidi ya kawaida kwa kilo 5 hadi 8 kila gurudumu, na uzito huo unazunguka; breki ndizo zinazousimamisha. Kwa mteremko wa Kabasha ni vilevile. Kwa gari la kubeba mzigo kwenye miteremko hii, kundi la pili ndilo mwisho wetu. Kundi la tatu tunamwachia mwenye turbo, au aliyebadilisha uwiano wa difu.

Upana ndipo ubishi unapokuwa mkali. Vijana wanataka 285. Hoja yao ni kwamba tairi pana inaelea. Ni kweli juu ya mchanga, na ni kweli juu ya matope yasiyo na mwisho. Matope mengi ya Kivu yana tope laini juu na udongo mgumu au mawe chini, sentimita 15 au 20 tu. Tairi nyembamba, 235/85R16 au 7.50R16, inakata tope na kufika pale panaposhika. Pana inapanda juu yake na kuteleza, inasukuma tope mbele yake, na kwenye kona inaifuata mifereji ya malori badala ya kukufuata wewe. Pana pia inakutana na mawe mengi zaidi yenye ncha. Hatuoni sababu ya kupita 265 kwa magari yetu mengi.

Meno, kwa kuwa lazima tuyaseme. Meno ya matope yenye nafasi kubwa yanafaa Walikale na Shabunda msimu wa mvua. Ukiyaleta kuishi Goma, lava inayamegua vipande vipande, na mawe madogo yanakwama katikati ya meno na kuchimba taratibu hadi yafike kwenye nyaya. Anayeyatumia abebe bisibisi butu na kuyatoa mawe hayo kila jioni. Kwa anayekaa mjini na kutoka mara kwa mara, meno ya kati, yale ya A/T, yanadumu zaidi.

Kuhusu upana wa janti, tunakuta kosa moja kila mara: tairi ya 265 imefungwa kwenye janti ya chuma ya inchi 5.5 ya Land Cruiser ya zamani. Inaingia. Inakaa ikiwa imebinuka katikati, inaisha katikati tu, na gari linayumba barabarani. 7.50R16 inataka janti ya inchi 5.5 hadi 6.5. 235/85R16 inataka 6 hadi 7.5. 265/70 iwe ya 16 au 17 inataka 7 hadi 9. 285/75R16 inataka 7.5 hadi 9.

Matundu ya bolti yanadanganya macho. Prado, Hilux na Patrol Y61 zina matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, na muuzaji atakuapia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja: tundu la katikati la janti ya Patrol ni 110, la Prado na Hilux ni 106. Janti ya Prado haivuki habu, kile kitovu cha gurudumu, ya Patrol. Ya Patrol inaivaa Prado, lakini inacheza milimita 2 kila upande, na uzito wote unabaki juu ya bolti. Land Cruiser 100, 105 na 200 zina matundu matano kwenye duara la 150, na ndivyo zilivyo 78 na 79 tangu 1999. 75 ya kabla ya hapo ina sita. RAV4 ina matano kwenye 114.3, haihusiani na yoyote kati ya hizo.

Angalia pia kiti cha nati. Janti nyingi za alumini za Toyota zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Za chuma zinataka nati yenye mdomo wa koni. Washa bapa juu ya kiti cha koni haishiki, na nati italegea hata ukikaza namna gani.

Namba ya ET nyuma ya janti inaeleza uso wa kufungia uko wapi ukilinganisha na katikati ya janti. Chukua janti ya Prado ya 7.5 yenye ET30. Ukiweka 8 yenye ET0, ukingo wa nje unatoka milimita 36: 30 za ET na 6 za nusu ya ongezeko la upana. Gari linapendeza kwa nje. Ndani, beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, usukani unapigwa na kila jiwe, na tope lote linaruka mlangoni. Toka milimita 10 au 15, si zaidi. Na vipande vile vya kutanua, vya kuweka kati ya habu na janti, vinavyochongwa kwenye mashine za mjini, tunakataa kuvifunga. Bolti zake hukatika, na hukatika gari likiwa na mzigo, kwenye shimo.

Chuma au alumini? Kwa kijijini, chuma. Ikikunjika inanyooshwa kwa nyundo na gari linaendelea, alumini inapasuka. Janti ya chuma iliyonyooshwa mara nyingi huvujisha ukingoni, basi itie mpira wa ndani hadi ufike mjini. Zile janti za vipande, zenye pete, kila kwado porini anazijua na anazifungua kwa vyuma viwili bila mashine. Uzuri wake unaishia hapo. Pete ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua mtu. Toa sindano ya vali hadi upepo uishe wote kabla ya kugusa pete, safisha kutu kwenye mfereji wake, funga mnyororo kuzunguka gurudumu, na jaza ukiwa umesimama mbali na uso wa pete, kwa bomba refu.

Uzito sasa. Namba inayofuata kipimo ni uwezo: 112 ni kilo 1,120, 116 ni 1,250, 121 ni 1,450. Ikiwa ekseli ya nyuma ya pikapu inabeba kilo 2,200 pamoja na gari lenyewe, kila tairi ina 1,100. Tairi ya 112 inatosha karatasini na inapasuka kwenye shimo. Tafuta 116 na kuendelea. Lakini uwezo ulioandikwa ni wa upepo kamili, ambao kwa LT ya PR 10 mara nyingi ni psi 80, yaani bar 5.5; kwa bar 2.5 tairi hiyohiyo inabeba kidogo zaidi ya nusu. Ndiyo maana anayetoka tairi laini kwenda LT na kubaki na bar 2 ya zamani anashangaa tairi "ngumu" imeungua ubavu.

Kwa Prado yenye LT, anza na bar 2.5 pande zote, nyuma 2.8 hadi 3 ukipakia. Kwa pikapu ya 79 yenye tani moja, anza na 2.8 mbele na 4 nyuma. Kisha jipime mwenyewe: pima asubuhi tairi zikiwa baridi, endesha saa moja, pima tena. Ikipanda 0.3 hadi 0.4 uko sawa. Ikipanda zaidi, ulianza na upepo mdogo au mzigo umezidi. Ikipanda kidogo sana, punguza, maana tairi iliyojaa mno haibonyei juu ya jiwe na inakatika kirahisi zaidi. Kwenye matope shuka hadi 1.5, ukikwama kweli 1.2, chini ya bar 1 tairi itatoka kwenye janti. Ukishuka hivyo nenda polepole, na kwenye mawe rudisha upepo kwanza, kwa sababu ubavu umechomoza nje na lava inauona. Asiye na pompa garini asiguse vali.

Gari la magurudumu yote lisichanganye vipimo. RAV4 ya 2000 hadi 2005 ina kiunganishi cha mafuta mazito kati ya mbele na nyuma, na Prado na 105 zina difu ya katikati inayofanya kazi muda wote. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma, kiunganishi hicho hakipumziki, kinapata moto hadi kife. Tofauti ya kina cha meno isizidi milimita 3. Kwenye 78 na 79, ambazo mbele unaiunga mwenyewe, madhara yanakuja ukiunga kwenye ardhi kavu. Spea nayo iwe kipimo kilekile. Kuijua tofauti bila kuamini maandishi, chora alama ya chaki kwenye tairi na ardhini, sukuma gari mzunguko mmoja kamili kwenye sakafu tambarare, pima kwa futi. Itapungua kidogo kuliko hesabu kwa sababu tairi imebonyea, lakini zote nne zipungue sawa.

Okazioni, yaani tairi iliyokwishatumika, haikatazwi, bei ya mpya inajulikana. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikizidi miaka 6 tunaiacha, hata meno yakiwa mazima. Kunja ubavu kwa goti utazame nyufa ndogo. Ingiza mkono ndani utafute viraka na mstari mweusi wa unga wa mpira kuzunguka ubavu. Unga huo unasema tairi iliwahi kuendeshwa bila upepo. Tazama mifereji kama imechongwa upya kwa kisu cha moto: kuta zake haziko sawa na vile vidonge vya kuonyesha kikomo vimetoweka. Tairi hiyo ina mpira mwembamba juu ya nyaya, na haifai hata kwa kutoka mjini hadi Sake.

Usilipe zote kabla ya kujaribu moja. Funga gurudumu moja la mbele, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kisha paki gari gurudumu hilo likiwa juu ya kilima kidogo ili springi ibonyee, urudie. Kwenye Prado na Hilux tazama nyuma ya gurudumu, pale bodi inapofungwa kwenye fremu, halafu plastiki ya ndani na kizuia tope. Kwenye Land Cruiser 70 tazama ndani, upande wa fremu na fimbo ya usukani. Nafasi isipungue milimita 10, maana tope likikauka humo linachukua zake. Jaribu na spea mahali pake: chini ya sanduku la Hilux 265/70R17 kwa kawaida inakaa, 285 mara nyingi inagonga. Kwenye mlango wa nyuma wa Prado uzito ulioongezeka unavuta bawaba, angalia nyufa za rangi pembeni mwake.

Kukaza: Hilux na Prado zina bolti za milimita 12, nguvu ni Nm 113. Land Cruiser 70 ya matundu matano yenye janti za chuma ina za milimita 14, nguvu ni 209. Kama huna spana ya kupima, chukua ya nusu mita kwa Prado na usukume kwa uzito wa kilo 23. Kwa Land Cruiser ongeza bomba hadi mita 1 kamili, usukume kwa kilo 21. Kaza kwa msalaba, gurudumu likiwa hewani kwanza, kisha chini. Usipake grisi kwenye bolti. Simama Sake, au ukitokea Bukavu kwenda kaskazini simama Kavumu, na ukaze tena: janti mpya na rangi mpya hukaa ndani ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, na nati iliyokazwa sawasawa gereji inakubali kukazwa tena kidogo hapo.